SOMO: Kuvaa vizibo vya masikio kiwandani mpaka vifanye kazi kweli (soma lote kwanza, ndio uulize)

Wakuu salamu. Inboksi yangu imejaa swali moja, "mkuu navaa vizibo kila siku, mbona nikitoka zamu masikio yanavuma?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa mara moja na atakayeniuliza tena nitamtumia huku. Mimi ni wa karakana ya kukata na kugonga bati, na wageni wote wakiingia kazini ndio napewa mimi niwaonyeshe mambo ya usalama.

Kwanza ujue unalinda nini. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana, ndizo zinapokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena, hakuna dawa ya kuzirudisha. Kelele ya mashine inaanza kuua zile za sauti nyembamba, kwenye hezi 4000 hivi (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na hakuna maumivu yoyote, ndio maana mtu anakwambia "mimi nasikia vizuri ila watu siku hizi wanamumunya maneno". Hawamumunyi. Zile s, f, sh na t ndizo zimeanza kumpotea, anasikia kwamba mtu anaongea ila hashiki anachosema, na mahali penye watu wengi ndio kabisa. Na yule anayesema masikio yake "yameshazoea" kelele namuomba akapimwe, sikio halizoei, kinachopungua ni usikivu wenyewe.

HATUA YA 1. Pima kelele yako. Simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja, kama mita 1. Ukilazimika kupaza sauti ndio akusikie, hapo uko kwenye desibeli 85 au zaidi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa kelele). Mwenye iPhone apakue programu ya kupima kelele ya NIOSH (taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini), ni ya bure.

HATUA YA 2. Piga hesabu ya muda. Kwa kipimo cha NIOSH, muda wa mwisho wa kukaa bila kinga kwa siku ni huu: desibeli 85 ni saa 8, 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na 100 ni dakika 15 tu. Yaani kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu, kwa sababu nguvu ya sauti imekuwa mara mbili. Kuna watu watakuja na ile ya OSHA ya Marekani (wasimamizi wa sheria za usalama kazini kule) inayoanzia 90 kwa saa 8, ni kweli ndio sheria ya Marekani, ila mimi nafundisha hii ya 85 kwa sababu inaokoa masikio mengi zaidi.

HATUA YA 3. Punguza kelele kwenye mashine kabla hujafika kwenye sikio. Bati lililolegea, beringi iliyokufa, bomba la upepo linalovuja, mwambie fundi.

HATUA YA 4. Nawa mikono. Grisi na vumbi la chuma visiingie sikioni.

HATUA YA 5. KUVAA. Hapa someni taratibu, ndipo nilipokuwa naharibu hata mimi, na ndipo karibu kila mgeni anaharibu. Kizibo cha sponji HAKISUKUMWI kikiwa kinene. Kisokote kwa vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho mpaka kiwe chembamba na kigumu bila mkunjo, ukiona kina mkunjo anza upya maana sauti itapita humo humo kwenye mkunjo. Halafu mkono wa upande wa pili upitishe nyuma ya kichwa, shika sikio lako kwa juu, livute juu na nyuma. Hii ndio watu wanairuka na ndio yenye kazi, tundu la sikio lina kona, ukilivuta linanyooka na kizibo kinaingia. Ingiza haraka kabla hakijavimba, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 mpaka kijae. Usikiachie mapema, kitajisukuma nje chenyewe na wewe utadhani umevaa. Ukitaka kuvua zungusha polepole, usivute kwa nguvu, ule mvuto wa hewa ndani unaweza kuumiza ngoma ya sikio. Na mwenye sikio linalotoa usaha au linalouma asiweke kizibo kabisa, aende hospitali kwanza.

HATUA YA 6. Kagua. Ukishavaa, funika masikio kwa viganja. Kelele ikipungua sana ujue havijakaa, rudi hatua ya 5. Vikikaa sawa viganja havibadilishi kitu kikubwa, na sauti yako mwenyewe unaisikia nzito inatokea kichwani. Mwenzako akikuangalia kwa mbele akaona kizibo chote kimechomoza, hujavaa.

HATUA YA 7. Usivue ndani ya kelele. Kizibo kinachokata desibeli 30 ukikivua nusu saa tu kwenye zamu ya saa 8, ulinzi wa siku nzima unashuka mpaka kama 12. Ukitaka kuongea toka nje ya eneo.

HATUA YA 8. Kapime usikivu ukianza kazi na kila mwaka baada ya hapo. Kile kipimo cha kwanza ukifanye baada ya angalau saa 14 bila kelele, la sivyo sikio lililochoka litaharibu majibu. Na omba nakala yako ukae nayo.

Karibuni kwa maswali.

---

Mzee wa Shoti: mkuu kwa kifupi nifanyeje, sina muda wa kusoma yote hayo

> Hatua ya 5.

kompresa_namba3: Je pamba inafaa?

> Haifai. Inazuia kidogo sana na inakudanganya kwamba umejikinga.

Dada Rangi: Shikamoo kaka, asante kwa somo. Mimi niko chumba cha kupaka rangi, kelele yetu si kubwa kama ya kwenu ila usikivu wangu umeshuka kuliko wa wenzangu wa mashineni. Inawezekana vipi?

> Marahaba dada, swali zuri sana hili. Kelele si adui pekee. Kuna viyeyusho vya rangi na gundi kama toluini, zailini na stairini, ukivivuta vinaingia kwenye damu na vinafika mpaka sikio la ndani, vinadhuru seli zile zile. Madini ya risasi (lead) na gesi ya kaboni monoksidi navyo vimo. Vikikutana na kelele madhara yanazidi, kwa hiyo hata kelele ya wastani kwako inaweza kuwa kubwa. Angalia mambo matatu: feni za kutoa hewa zinafanya kazi? Barakoa yako ni ya mvuke wa kemikali au ni ya vumbi tu? Ya vumbi haizuii mvuke. Na ukienda kupimwa mtajie daktari kemikali zote unazoshika, pia dawa ulizowahi kutumia, maana zipo kama gentamaisini ambazo nazo zinaweza kuumiza sikio. Ukipata majibu rudi utuambie.

Bati Gumu: Mimi tangu nianze kazi sijawahi kuvaa na nasikia vizuri tu, nyie mnatisha watu

> Umepimwa lini? Kama hujapimwa, hujui. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow alipima watengeneza boila 100 na hakukuta hata mmoja mwenye usikivu wa kawaida. Waulize wa nyumbani kwako kuhusu sauti ya TV yako, halafu nenda kapime.

Mwanafunzi wa Umeme: Mkuu pakiti yangu imeandikwa NRR 33. Kwetu ni desibeli 100, ina maana nabaki na 67?

> Hapana, na nimefurahi umeuliza. NRR ni namba ya desibeli ambazo kizibo kinakata, na hiyo 33 ni ya maabara, mtu amevalishwa vizuri ametulia. Kazini fanya hivi: toa 7, gawa kwa 2. 33 toa 7 ni 26, nusu yake 13. Kwa hiyo 100 inashuka mpaka kama 87, na kwa 87 bado huruhusiwi saa 8. Ongeza vile vifuniko vya mfano wa hedifoni juu ya vizibo. Usijumlishe namba mbili, kinga ya pili inaongeza kama desibeli 5 tu, ila kwako hizo 5 zinakutosha.

Dada Welda: Naongezea hapo kwenye vifuniko, ukivaa miwani yenye mikono minene au ukifunga nywele chini ya ule mto wa kifuniko, sauti inapita pembeni. Mimi nimebadilisha miwani nikaona tofauti siku hiyo hiyo. Na kina dada wengi matundu yetu ni madogo, ombeni vizibo saizi ndogo vipo.

> Asante sana dada. Na ile mito ikipasuka au ikiwa migumu ibadilishwe, haizuii tena.

Foklifti Boy: nikivaa siwezi kusikia honi, nitagongwa. bora nisivae

> Ukiwa huna usikivu pia hutasikia honi. Mwombe supavaiza taa za kumulika kwenye foklifti na njia ichorwe. Pia angalia usivae kinachokata zaidi ya kelele yako inavyohitaji, sauti inayofika sikioni ikishuka chini ya desibeli 70 unajitenga na kila kitu bure. Sehemu ya desibeli 90 haihitaji vizibo na vifuniko pamoja.

kompresa_namba3: sasa nikiweka earphone na muziki juu si nazuia kelele pia

> Unaongeza kelele juu ya kelele. Hapana.

Zamu ya Usiku: Kaka mimi jana nimeamka sikio moja halisikii kabisa, ghafla tu, halina usaha wala haliumi. Nisubiri lizibuke?

> Usisubiri, nenda hospitali LEO, waambie limezima ghafla. Hilo ni la dharura, kuna matibabu na yanafaa zaidi yakianza mapema. Usimimine mafuta wala kuchokoa na kijiti. Ukifika niandikie inboksi, wewe ruksa.