Ukitaka gemu ya mafumbo imguse mtu, anzia kwenye vidole vyake

Wadau wa Moshi na Arusha mnaotengeneza gemu, msianze na stori ndefu ya maandishi, watu wanairuka tu. Hisia iweke kwenye kitufe. Cheki gemu ya Brothers: A Tale of Two Sons ya 2013, kaka mkubwa unamwongoza kwa stiki (kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba) ya kushoto, mdogo kwa ya kulia, kila mmoja na kitufe chake, na mdogo anaogopa maji kwa hiyo mtoni lazima abebwe na kaka yake. Baadaye kaka hayupo tena, mto uko mbele, kitufe cha mdogo hakisaidii, ukibonya kile cha kaka ndo anaogelea. Hamna maneno pale ila kidole chako kinajua nani amekosekana, mi sijaona gemu iliyofanya hivi vizuri zaidi.

Sasa fanya ya kwako. Chukua bibi na mjukuu wa Marangu, zamu yao ya maji ya mfereji imefika. Bibi anajua kila mchepuko ila miguu haipandi tena, mjukuu anapanda ila hajui jiwe lipi atoe maji yapite. Weka mafumbo matatu manne ambayo bila bibi kunyoosha mkono hayatoki, halafu moja bibi amekaa tu chini ya mgomba, amechoka, mchezaji akumbuke mwenyewe. Usiweke mshale wa kumwonyesha cha kufanya. Na bibi asiwe wa kutoa vidokezo tu, agombe, apunge kanga mtoto akipatia.

Fumbo likizidi ugumu hasira inaua huruma, so mpe mtu asiyecheza gemu ajaribu we ukae kimya, pale anapoacha kumwangalia bibi akaanza kubonyabonya ovyo ndo pa kurekebisha.