Mswada wa kugusa jeshi umetoka? Hivi ndivyo unausoma na kutuma maoni kabla wabunge hawajaupitisha

Mswada wowote wa kugusa KDF, yaani jeshi la Kenya, ukitajwa tu bungeni, magrupu ya Wasap yanajaa. Ati pensheni za wanajeshi zinakatwa, ati umri wa kustaafu unabadilishwa, ati sasa wanajeshi watakuwa wanashika doria mitaani kama polisi. Ukiuliza nani ameusoma huo mswada, kimya. Sasa hebu tuone vile mtu wa kawaida, mama mwenye kijana kambini, mzee aliyestaafu jeshi, ama wewe tu mlipa ushuru, unaweza kuupata, ukausoma bila kuwa wakili, na ukatuma maoni kwa njia ambayo kamati haiwezi kuyaruka.

Kwanza hakikisha ni mswada kweli. Picha ya ukurasa mmoja iliyopigwa na simu haitoshi, manake mara nyingi kinachozungushwa ni hoja tu, ama pendekezo la baraza la mawaziri ambalo halijafika hata kwa mpiga chapa. Mswada halisi una namba na mwaka, unachapishwa kama nyongeza ya Gazeti Rasmi la Serikali, na una jina la anayeuwasilisha. Ukiona anayeuwasilisha ni kiongozi wa wengi bungeni, jua hapo ni serikali yenyewe inaongea. Akiwa mbunge mwingine, mara nyingi ni mswada wake binafsi, na hiyo inakusaidia kukadiria nguvu iliyo nyuma yake. Ingia webusaiti ya Bunge, utafute upande wa miswada ya Bunge la Kitaifa, daunlodi PDF. Usihangaike sana na Seneti kwa sababu ulinzi ni kazi ya serikali kuu, si ya kaunti, kwa hivyo miswada hii kwa kawaida huanzia na kuishia Bunge la Kitaifa.

Ukishaipata, usianze kusoma bado. Tafuta pia sheria mama, yaani Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, namba 25 ya 2012, ile iliyochukua mahali pa sheria ya zamani ya majeshi. Iko bure kwa webusaiti ya Kenya Law. Bila hiyo utachanganyikiwa tu, kwa sababu miswada mingi ya jeshi ni ya marekebisho, na lugha yake ni ya namna hii: kifungu fulani, kijisehemu fulani, futa maneno haya weka haya. Mtu anasoma kurasa tano na hajui hata kinachozungumziwa ni mshahara ama ni jela.

Halafu anzia nyuma. Ndiyo, nyuma. Mwisho wa kila mswada wa Kenya kuna maelezo ya malengo na sababu, yamewekwa jina la anayeuleta, na hapo kwa kurasa mbili tatu unaambiwa kila kipengele kinakusudia nini. Hapo hapo kuna sentensi ambazo watu wanaziruka na ndizo tamu kuliko zote: kama mswada unampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, kama unabana haki za kimsingi, kama unahusu kaunti, na kama utakula pesa za umma. Wakisema haubani haki yoyote na wewe ukaona kipengele kinabana, umeshapata hoja yako ya kwanza bila jasho. Baada ya hayo maelezo kawaida wanachapisha vifungu vya sheria ya sasa vinavyoguswa, ili ulinganishe. Printi hizo kurasa kama unaweza, ama fungua simu mbili, moja ya mswada moja ya sheria, uende kifungu kwa kifungu.

Sasa, si kila kipengele kinastahili macho yako. Vingine ni vya kubadilisha jina la ofisi, pita haraka. Mimi ningekaa kwa mambo machache tu.

La kwanza ni haki za mwanajeshi mwenyewe. Watu wanadhani ukivaa sare Katiba inabaki getini. Si hivyo. Kifungu cha 24 kinaruhusu sheria ibane baadhi ya haki za walio KDF na polisi, na zimetajwa kwa majina: faragha, kujiunga na vyama, kuandamana, mambo ya kazi na vyama vya wafanyakazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za aliyekamatwa. Orodha inaishia hapo. Kwa hivyo mswada ukianza kubana kitu kisichokuwa kwa hiyo orodha, uliza wanatoa wapi hiyo ruhusa maalum. Tena sheria yenyewe lazima iseme waziwazi kwamba inakusudia kubana haki hiyo na kwa kiasi gani, isibanwe kimyakimya. Na kifungu cha 25 kina haki ambazo haziguswi na mtu yeyote, pamoja na kutoteswa na kusikilizwa kesi kwa haki, na hiyo inamfuata mwanajeshi mpaka ndani ya mahakama ya kijeshi.

La pili, na hapa tafadhali usikimbie, ni vipengele vya kuacha kazi na kutoroka jeshi. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi huko Mombasa iliwahukumu zaidi ya watu 20 waliokuwa wanamaji kifungo cha maisha kwa kosa la kutoroka jeshi, baada ya kwenda kufanya kazi za ulinzi ng'ambo. Maisha, si miezi. Kila mtu anajua vile kazi za ulinzi za Ghuba na kwingineko zinavutia vijana wetu wenye ujuzi wa kijeshi, kwa hivyo ukisoma mswada uliza: mtu akiandika barua ya kuacha kazi, mkuu wake ana siku ngapi za kujibu? Asipojibu inakuwaje? Barua ikikataliwa kuna mahali pa kukata rufaa? Kama mswada umenyamaza hapo, hilo pengo lenyewe ni maoni ya kutuma. Pia angalia kama kuna kitu kinagusa rufaa za kutoka mahakama ya kijeshi kwenda Mahakama Kuu, huo mlango usikubali upunguzwe hata kidogo.

La tatu ni jeshi kutumika ndani ya nchi. Fungua kifungu cha 241 cha Katiba, utakuta vijisehemu viwili vinavyofanana kwa juu juu. Kwenye dharura ama majanga, KDF inasaidiana na mamlaka zingine na kisha taarifa inapelekwa Bunge la Kitaifa. Lakini kurudisha amani mahali penye vurugu, lazima Bunge la Kitaifa liidhinishe. Taarifa na idhini si kitu kimoja. Tulishaona hii kwa macho yetu: tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji wa mswada wa fedha wakaingia bungeni, Waziri wa Ulinzi akatangaza kwa Gazeti Rasmi kwamba jeshi litasaidia polisi, Bunge likaidhinisha siku iliyofuata, chama cha mawakili LSK kikaenda kortini, na Mahakama Kuu haikulirudisha jeshi kambini lakini ikaamuru serikali iweke wazi kwa Gazeti jeshi linafanya nini hasa na kwa muda gani. Kwa hivyo mswada ukija na maneno ya "kusaidia mamlaka za kiraia", soma kipengele hicho polepole ukiangalia nani anaamua, Bunge linaingia wakati gani, na kuna mwisho ama hakuna. Kutuma jeshi nje ya nchi kwa kazi za amani nako kuna kifungu chake, 240, na hapo idhini ni ya Bunge.

Halafu kuna kanuni. Mswada unaweza kuwa safi kabisa, kurasa chache, alafu kwa chini kuna mstari: waziri atatunga kanuni kuhusu pensheni, fidia, nidhamu na mambo mengine. Yaani uhondo wote umehamishiwa mahali ambapo hakuna kelele. Kanuni lazima zipelekwe bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, lakini ni nani anafuatilia? Wewe dai mambo mazito, kama kiasi cha fidia kwa familia ya aliyekufa kazini, yaandikwe kwa sheria yenyewe. Angalia pia palipoandikwa "anaweza" mahali ulitarajia "lazima". Mjane hawezi kulisha watoto na "anaweza".

Sasa kuandika. Usitume insha ya hasira, najua inauma lakini haifanyi kazi. Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Uhusiano wa Kigeni ikimaliza kupokea maoni inaandika ripoti, na ndani ya ripoti wanapanga maoni kulingana na kipengele. Maoni yasiyotaja kipengele hayana pa kukaa. Kwa hivyo chora jedwali la safu nne: namba ya kipengele, shida iko wapi, maneno mapya unayopendekeza, na sababu. Hiyo safu ya tatu ndiyo dhahabu. Mbunge aliyechoka akipata maneno yaliyo tayari anayachukua vilevile, akikuta malalamiko tupu anasema tumesikia na kufungua ukurasa mwingine. Kurasa mbili tatu zinatosha. Juu andika jina la mswada na namba yake, wewe ni nani na mswada unakugusaje. Unapeleka kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, kwa emaili ama kwa mkono, kulingana na tangazo. Ukipeleka kwa mkono beba nakala mbili, moja ipigwe muhuri urudi nayo.

Tangazo hilo huwekwa kwa magazeti na webusaiti ya Bunge, na siku za kujibu huwa chache kweli. Usingoje. Anza kusoma siku mswada unachapishwa, kwa sababu kwa kawaida kuna siku 14 kabla usomwe mara ya kwanza, ingawa Bunge linaweza kuzipunguza. Miswada ya usalama hupenda kukimbizwa. Ule wa sheria za usalama wa 2014 ulipita Desemba katikati ya vurumai bungeni, ukasainiwa tarehe 19 mwezi huo huo, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vipengele vinane.

Neno kwa wanajeshi walio kazini: msitume nyinyi, wala msipige picha barua za ofisini. Mume, mke, mzazi ama chama cha waliostaafu watume kwa majina yao. Na hata hao wasitaje kambi, idadi ya askari wala mambo ya operesheni, kwanza hayahitajiki, pili maoni hayo ni hati ya umma, na sheria ya siri za serikali bado iko.

Ukishatuma, tafuta ripoti ya kamati uone kama jina lako limo na walijibu nini. Mpigie mbunge wako simu kabla ya kikao cha Bunge zima cha kupitia kipengele kwa kipengele, manake hapo ndipo marekebisho ya dakika za mwisho huingizwa, na mengine hakuna mwananchi aliyeyaona. Mswada ukipita, rais ana siku 14 za kusaini ama kuurudisha na sababu zake, hapo bado unaweza kumwandikia. Na kama umechelewa kila kitu, kifungu cha 119 cha Katiba kinakuruhusu kupeleka ombi bungeni sheria ibadilishwe, na jedwali lako la safu nne unalitumia hilo hilo.