SOMO: Kupima kasi ya risasi kwa rada ndani ya ukumbi wa shabaha

Wadau wa Arusha na Moshi, habari zenu. Swali hili linaletwa kwangu faragha kila wiki, basi naliandika hapa mara moja; atakayeuliza tena nitamwelekeza huku. Nazungumzia kronografu (vifaa vya kupimia kasi ya risasi) za rada, kama Garmin Xero na LabRadar. Zile za macho, ambazo risasi inapita juu ya vihisi, zina somo lake.

1. Leseni ya silaha na ruhusa ya msimamizi wa ukumbi. Bila hivyo, baki nyumbani.

2. Chaji betri usiku.

3. Kwenye menyu chagua aina ya silaha na kasi inayokaribiana. Risasi ya .22 ya kawaida (namba hiyo ni unene wa risasi kwa inchi) huenda kama mita 325 kwa sekunde; .375 H&H yenye risasi ya uzito wa greni 300, karibu 770.

4. Weka rada shubiri moja hivi pembeni ya mdomo wa mtutu, nyuma yake kidogo, ikitazama shabaha yako. Mtutu wenye kifaa cha kupunguza teke (msukumo wa bunduki kurudi nyuma) hutoa upepo mkali pembeni, hivyo isogeze nyuma zaidi.

5. Hakikisha namba ni za risasi zako. Hapa ndipo nilipoharibikiwa, someni polepole. Rada haiijui bunduki yako. Inatuma mawimbi mbele na kusikiliza yanavyorudi kutoka kwenye kitu kinachokimbia. Ndani ya ukumbi njia za kupigia zimebanana, kuta na vyuma vya dari vinarudisha mawimbi, na risasi ya jirani inaweza kuingia kwenye orodha yako. Jirani akipiga .308 nawe una .22, utajua papo hapo. Kazi ni pale nyote mna 9mm: 352, 349, 355, utasemaje ipi ni ya nani? Nilirudi nyumbani na ukurasa mzima wa namba za namna hiyo, haukufaa kitu.

Omba njia ya mwisho, kando ya ukuta. Kama jirani naye ana rada, tumieni chaneli tofauti ikiwa vifaa vyenu vinaruhusu. Rada inayoamshwa na mlio, punguza usikivu wake, au tafuta kichochezi kinachofungwa kwenye bunduki na kuhisi teke. Kila ukipiga, tazama skrini, kisha simamisha ganda tupu la risasi mezani. Maganda kumi, namba kumi. Zikiwa kumi na moja na hukuona ipi iliingia yenyewe, futa seti nzima upige upya.

ONYO: usinyooshe mkono kurekebisha rada wakati watu wanapiga. Omba ukumbi usimame, toa risasi zote, acha bolti (komeo la nyuma ya mtutu) wazi, ndipo uiguse rada.

6. Piga kumi, si tatu. Andika wastani, na tofauti kati ya iliyokimbia zaidi na ya polepole zaidi.

MASWALI

Chalii_Sakina: Mkuu, rada inawekwa wapi?
– Hatua ya 4.

Chalii_Sakina: Yangu haisomi kitu. Ni mbovu?
– Umechagua silaha gani kwenye menyu?

Chalii_Sakina: Sijagusa menyu.
– Hatua ya 3. Nimeiandika kwa sababu hiyo hiyo.

Kibo22: .22 yangu imesoma 1066! Nina bunduki ya ajabu?
– Hizo ni futi kwa sekunde. Zidisha kwa 0.3048, utapata 325.

Binti_Njiro: Shikamoo kaka. Feni za kutoa moshi nazo zinazunguka. Mbona rada haizihesabu?
– Marahaba, swali zuri sana hili. Wimbi likigonga kitu kinachokwenda, hurudi na masafa (mitetemo kwa sekunde, yaani hezi) yaliyobadilika. Kwa rada ya gigahezi 24, kila mita 1 kwa sekunde inaleta badiliko la hezi 160. Risasi ya mita 800 inaleta kilohezi 128. Panga la feni, hata liende mita 20, ni kilohezi 3 na kidogo. Kifaa kinapuuza mabadiliko madogo, ndiyo maana kinataka kujua unapiga nini. Taa za tyubu ndizo adui wa kronografu za macho: kwa umeme wetu wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde.

Mzee_UsaRiver: Kijana, namba zangu hazilingani na za kwenye boksi la risasi. Ni huu mwinuko wetu wa mita 1,400?
– Shikamoo mzee. Mwinuko haugusi sana kasi ya mdomoni, kwani baruti inaungua ndani ya mtutu. Hewa nyepesi inasaidia mbele ya safari: risasi haipungui kasi haraka kama Dar. Angalia urefu wa mtutu. Viwanda vingi hupimia wa inchi 24; mfupi kuliko huo hupunguza kasi.

Mzee_UsaRiver: Wangu ni 22. Na zangu zimepanda, hazijashuka. Risasi zilikaa juu ya dashibodi.
– Hapo ndipo penyewe, mzee. Baruti ikipata joto inasukuma kwa nguvu zaidi, na presha inapanda pia. Zibebe ndani ya boksi, kivulini, ziache zipoe ukumbini kabla ya kupima. Na mtutu ukishapata moto, usiiache risasi ndani ya bunduki huku unaandika namba, nayo itapata joto. Ipige au itoe.