Nyumba chakavu, bei ya juu: jinsi ya kupata bei yako kabla ya kukaa na muuzaji

Chukua nyumba ya vyumba vitatu, Sinza, Dar es Salaam. Bati limeshika kutu, lipu inabanduka chini ya madirisha, na muuzaji anataka milioni 130. Wanunuzi wengi hukosea hapohapo: wanaanza kushuka kutoka kwenye 130. Akipunguza mpaka 115 wanaondoka na furaha, kumbe nyumba haifiki hata 90. Bei anayotaja muuzaji hubeba mambo yasiyokuhusu: pesa aliyotumia kujenga, bei aliyosikia kwa jirani, na cha juu cha dalali, yaani nyongeza anayojiwekea juu ya bei ya mwenye nyumba. Iweke kando kwanza, na ukiweza zungumza na mwenye nyumba mwenyewe, kwani cha juu peke yake kinaweza kuwa mamilioni.

Hesabu inaanzia kwenye thamani ya nyumba ikishatengenezwa. Tafuta nyumba tatu au nne nzuri zilizouzwa mtaa huohuo ndani ya mwaka mmoja, viwanja vikilingana. Tunasema zilizouzwa, zinazotangazwa hazikusaidii, maana bei ya tangazo hakuna aliyeilipa. Mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa hushuhudia mauziano mengi na wanajua kilicholipwa. Ulizia pia bei ya kiwanja kitupu hapo, kwa sababu mwenye nyumba ni nadra kukubali chini yake. Nyumba ikiwa mbovu kiasi cha kubomolewa, unanunua kiwanja: toa gharama ya kubomoa na kusomba kifusi, basi.

Kisha ukaguzi. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na ikiwezekana nenda siku ya pili baada ya mvua kubwa. Beba tochi, bisibisi na futi kamba.

Panda darini kabla ya kuangalia kitu kingine. Choma kenchi (mbao zinazobeba paa) kwa bisibisi: ikizama bila nguvu, mchwa au unyevu umeshamaliza mbao, na hapo huhesabu bati peke yake bali kuezeka upya kote. Nyumba yenye sakafu ya mita 10 kwa 10 hubeba paa la takribani mita za mraba 140, ukijumlisha mteremko na bati linalotokeza nje ya kuta. Fundi anayekupigia bei ya mita 100 atakurudia kuomba nyongeza. Nyumba za zamani nyingine zimeezekwa kwa asbestosi. Haikatwi kwa msumeno wala haivunjwi kikavu, kwani vumbi lake linasababisha saratani, hivyo kuiondoa ni kazi ya watu maalumu na ina bei yake.

Ukutani, gonga lipu kwa sarafu. Ikilia uwazi, imeachana na tofali na lazima ing'olewe. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, kwa mchanganyiko wa 1:4 na unene wa milimita 12, unapiga takribani mita za mraba 8. Uwe na shaka na ukuta uliopakwa rangi mpya mita moja ya chini tu: hapo kuna unyevu unaopanda kutoka ardhini, au chumvi ya mchanga wa pwani uliofyatulia tofali. Rangi haitibu chumvi. Miezi michache baadaye inatoka tena. Ufa mwembamba kama unywele ni wa lipu. Ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha, au unaofuata maungio ya tofali kama ngazi, na unazidi milimita 5, unaelekea kwenye msingi. Huo usiukadirie kwa macho, mlipe mhandisi aje auone kabla hujataja bei yoyote.

Umeme: zima swichi kuu, mwambie fundi afungue soketi mbili. Pasipokuwa na waya wa ethi (kijani na njano), weka hela ya kuvuta waya upya nyumba nzima. Fungua chemba ya maji taka, mimina ndoo mbili chooni, tazama maji yanavyoondoka. Shimo la maji taka lililojaa linanyonywa tu, lakini ardhi ikikataa kunywa utachimba jingine.

Sasa hesabu yenyewe, kwa tarakimu za mfano, zote milioni za shilingi. Nyumba ikiwa nzuri inauzika milioni 150. Ukarabati, kwa mchanganuo wa fundi, 34. Ongeza asilimia 20 ya dharura, yaani 6.8, kwenye nyumba chakavu hiyo si anasa, kwa sababu kila dari linalofunguliwa lina jambo lake. Ushuru wa stempu, wakili, upekuzi na uhamisho wa hati, 5. Kodi ya unapoishi kwa miezi sita ya ujenzi, 3. Jumla 48.8, inabaki 101.2. Lakini ukilipa 101.2 hujapata chochote kwa usumbufu wako; bora ungenunua iliyo tayari. Toa asilimia 10 ya ile 150, inabaki 86.2. Mwisho wako ni 86. Kiandike kiasi hicho kabla ya kukutana na muuzaji, na mwenzi wako akijue.

Karatasi nazo ni bei. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kujua kama kuna mkopo wa benki au zuio. Soma muda wa hati: ya miaka 33 iliyoanza 1990 iliisha 2023. Deni la pango la ardhi na gharama ya kuhuisha hati vitoke kwenye fungu la muuzaji, na mkataba useme hivyo. Ikiwa ni nyumba ya familia, mke au mume aridhie kwa maandishi. Ikiwa ni ya urithi, dai barua ya mahakama ya msimamizi wa mirathi. Pima pia umbali kutoka katikati ya barabara kuu: hifadhi kwa kawaida ni mita 30 kila upande, na ukuta ulioingia humo usiulipie hata shilingi.

Fungua na 75, ukiambatanisha mchanganuo wa fundi na picha za kenchi. Muuzaji anaweza kukataa neno lako. Mbao iliyooza kwenye picha ni vigumu kuibishia. Akijibu, panda 81, kisha 84, kisha 86, hatua zikipungua ili aone unafika mwisho. Usitoe kishika uchumba (malipo ya awali) kabla upekuzi haujarudi, na malipo yapite benki. Akigoma, mwachie ofa kwa maandishi yenye tarehe na namba yako ya simu, halafu mpigie tena mvua za masika zikiisha, mwezi wa sita, paa lile likiwa limevuja msimu mwingine.