Kucheza Gemu za Konsoli za Zamani kwa Kompyuta Iliyotumika: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unamfaa mtu aliye Moshi, Arusha au popote palipo na maduka ya kompyuta zilizotumika, ambaye angependa kucheza gemu za Famicom, Sega Mega Drive, Super Nintendo au PlayStation ya kwanza bila kuagiza kifaa chochote kutoka nje. Nimeuandika baada ya kumwandalia mpwa wangu wa Majengo kompyuta ya aina hiyo, kwa sababu maswali yake ndiyo yale yale ninayoulizwa na kila anayeanza, na karibu yote yalihusu mafaili, si mashine. Msimamo wangu ni kwamba fedha kidogo uliyo nayo uitumie kununua pedi nzuri ya kuchezea, na muda wako uutumie kuandaa nakala safi za diski zako. Kompyuta yenyewe haipaswi kukunyima usingizi.

Hatua ya kwanza: kompyuta

PlayStation, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1994, ilikuwa na prosesa ya takriban MHz 34 na kumbukumbu ya MB 2. Kuiigiza mashine hiyo kwa programu ya kompyuta kunahitaji nguvu nyingi kuliko hizo, maana kila amri ya mashine ile lazima igeuzwe iwe amri inayoeleweka na prosesa ya aina nyingine, huku picha na sauti zikienda sambamba. Hata hivyo, kompyuta mpakato ya mwaka 2011 au ya baada ya hapo, yenye Core i3 au i5 na RAM ya GB 4, inaifanya kazi hiyo bila taabu. PlayStation 2 ni habari nyingine. Kwa bajeti hii, iache kwanza.

Nachagua kompyuta mpakato badala ya ya mezani kwa sababu ina betri, na umeme ukikatika hupotezi gemu uliyofika nayo mbali. Chagua yenye tundu la DVD, kwa kuwa utalihitaji katika hatua ya tano, na kabla ya kulipa mwombe muuzaji aingize CD yoyote mbele yako muone kama inasomeka. Angalia pia matundu ya picha: kompyuta nyingi za ofisi za miaka hiyo zina VGA au DisplayPort lakini hazina HDMI, hivyo uangalie TV yako inapokea kebo gani kabla ya kwenda dukani. Ukitumia VGA, kumbuka kuwa haibebi sauti. Utahitaji kebo ndogo ya sauti kutoka tundu la hedifoni.

Simu ya Android nayo inaweza kazi hii, ila vitufe vya kwenye kioo hufunika picha na vidole havivihisi, kwa hiyo usiitumie bila pedi ya kuchomeka kwa kiunganishi cha OTG, yaani kile kinachoiwezesha simu kupokea waya wa USB.

Hatua ya pili: pedi

Nunua pedi ya waya wa USB. Za Bluetooth za bei ya chini huchelewesha amri, na katika gemu za kuruka na kupiga ucheleweshaji mdogo tu unatosha kukuangusha shimoni. Ukiwa dukani, bonyeza msalaba wa mwelekeo pande zote nne na kwenye pembe: usiwe mgumu, na ukibonyeza kulia usipenyeze na juu. Pedi nyingi za bei nafuu zina kitufe cha katikati chenye taa nyekundu. Taa ikizimwa, fimbo ya kushoto hufanya kazi ya msalaba. Ikiwashwa, fimbo na msalaba hutengana. Amua mapema utatumia hali ipi, kisha usiibadilishe baada ya kupanga vitufe, la sivyo utadhani pedi imeharibika.

Hatua ya tatu: RetroArch

Pakua RetroArch, programu inayokusanya viigizaji vya mashine nyingi mahali pamoja, kutoka tovuti yake rasmi, ukiwa na kifurushi cha kutosha kwa sababu faili lake ni kubwa. Ukiifungua, nenda "Online Updater", kisha "Core Downloader", uchukue viini (cores, yaani vipande vya programu ambavyo kila kimoja huigiza mashine fulani) vya mashine unazozitaka: FCEUmm kwa Famicom, Snes9x kwa Super Nintendo, Genesis Plus GX kwa Mega Drive, mGBA kwa Game Boy, na PCSX ReARMed kwa PlayStation. Viini ni mafaili madogo na havitamaliza kifurushi chako.

Hatua ya nne: jaribu kwa gemu za halali zisizo na gharama

Usianze na diski. Anza na Tobu Tobu Girl au µCity, gemu mbili za Game Boy ambazo waundaji wake wamezitoa bure kwa umma. Zikicheza vizuri, pedi ikaitika na sauti ikatoka, utakuwa na uhakika kwamba kompyuta, RetroArch na pedi viko sawa, na kila tatizo litakalofuata utalitafuta kwenye diski au faili lake.

Hapa niseme wazi kuhusu sheria. Programu ya kuigiza mashine haina hatia yenyewe. Mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua mwaka 2000, katika shauri la Sony dhidi ya Connectix, kwamba kuitengeneza kwa kuchunguza namna mashine inavyofanya kazi kunakubalika. Gemu zenyewe bado zina hakimiliki. Kwa hiyo ninashauri utumie diski ulizonazo na gemu huru, na ninapinga kabisa kununua kadi za kumbukumbu zinazouzwa zikiwa zimejazwa maelfu ya gemu. Ukiacha suala la haki, mafaili yake mara nyingi yana kasoro, na anayeanza hawezi kujua kama kosa ni lake au ni la kadi.

Hatua ya tano: kuhamisha diski za PlayStation

Hapa ndipo watu wengi hupoteza jioni nzima, kwa hiyo soma hadi mwisho kabla ya kugusa kitu.

Anza na diski yenyewe. Ishike dhidi ya mwanga, upande wenye picha ukikuelekea. Mikwaruzo ya upande wa chini mara nyingi husameheka, lakini vitobo vinavyopitisha nuru kutoka upande wa picha ni pengo katika data, kwa maana tabaka linaloakisi mwanga liko chini tu ya rangi ile, na hakuna fundi wa kulirudisha. Safisha kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa data hula sehemu ndefu zaidi. Diski halisi za PlayStation zina weusi upande wa chini na wengi huogopa kuziingiza kwenye kompyuta. Weusi huo hauzuii chochote. Mwanga wa kisomeo unaupita.

Kwenye Windows mimi hutumia ImgBurn, toleo 2.5.8. Chagua "Create image file from disc", na punguza kasi ya kusoma hadi 8x au 4x, hasa kwa diski kongwe. Usichague kutengeneza ISO. Muundo wa ISO hauhifadhi nyimbo za CD ambazo gemu nyingi za zamani huzitumia, na utaishia na gemu inayocheza kimyakimya. Unachotaka ni jozi ya mafaili: moja la .bin lenye data yote, na lingine dogo la .cue.

Faili la .cue ndilo chimbuko la simu nyingi ninazopigiwa. Ni maandishi ya kawaida, na kazi yake ni kuiambia programu faili la data linaitwaje na kila wimbo unaanzia wapi. Ukilifungua kwa Notepad utaona mistari ya namna hii:

FILE "gemu.bin" BINARY
TRACK 01 MODE2/2352
INDEX 01 00:00:00

Jina lililo ndani ya alama za kunukuu lazima lifanane kabisa na jina la faili la .bin. Mpwa wangu alibadilisha jina la faili la .bin ili folda yake ipendeze, akaliacha la .cue likitaja jina la zamani. RetroArch ikawa inafunguka na kurudi kwenye menyu pasipo maelezo yoyote ya maana. Hesabu nafasi, nukta na mabano. Kwenye Linux, herufi kubwa na ndogo nazo huhesabika, kwa hiyo "Gemu.bin" si "gemu.bin". Kama mstari wa FILE una njia ndefu inayoanza na C:, ifute ubakize jina tu, kisha uyaweke mafaili yote mawili katika folda moja.

Yapo mengine matatu. Kwanza, usihariri .cue kwa Microsoft Word, kwa sababu hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na programu haizitambui. Pili, Windows huficha viambishi vya majina ya mafaili, hivyo unaweza kudhani umehifadhi gemu.cue kumbe ni gemu.cue.txt, washa uonyeshaji wa viambishi kabla ya kuanza. Tatu, unapofungua gemu chagua faili la .cue, usichague la .bin.

Ili kujua kama nakala ni safi, isome diski mara mbili kwa majina tofauti, kisha kwa kila faili uandike amri hii kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt):

certutil -hashfile gemu.bin MD5

Mifuatano miwili ya herufi na tarakimu ikilingana, usomaji ni wa kuaminika. Isipolingana, safisha tena diski na upunguze kasi. Usipuuze hili kwa kuwa tu gemu imefunguka, kwani kosa linaweza kuwa kwenye video ya ngazi ya mwisho na ukaligundua baada ya wiki kadhaa za kucheza.

Ukiridhika, zibane nakala zako ziwe CHD, muundo wa faili uliobanwa wa nakala za diski, kwa programu iitwayo chdman:

chdman createcd -i gemu.cue -o gemu.chd

Utapata faili moja dogo kuliko la awali, lisilopoteza data yoyote, na lisilo na .cue ya kukuchanganya tena. Kwa gemu yenye diski zaidi ya moja, andika faili la .m3u lenye majina ya CHD zote, kila jina kwenye mstari wake, na ulifungue hilo.

Hatua ya sita: BIOS na eneo la diski

BIOS ni programu ya ndani inayoiwasha PlayStation. PCSX ReARMed ina BIOS yake ya kuigiza, na kwa kuanza inatosha. Baadhi ya gemu huigomea. Hapo utahitaji BIOS halisi, ambayo ni mali ya Sony na inapaswa kutoka kwenye mashine yako mwenyewe. Iwe na ukubwa wa baiti 524,288, ikae kwenye folda ya "system" ya RetroArch, na jina lake liandikwe kwa herufi ndogo: scph5501.bin kwa diski za Marekani, scph5502.bin kwa za Ulaya, scph5500.bin kwa za Japani. Eneo la diski utalijua kwa namba iliyochapwa juu yake: SLUS au SCUS ni Marekani, SLES au SCES ni Ulaya. Diski za Ulaya ziliundwa kwa TV za 50 Hz, na gemu nyingi za huko huenda polepole kuliko zile za 60 Hz. Ukiwa na nakala zote mbili, chagua ya Marekani.

Hatua ya saba: kulinda ulichohifadhi

RetroArch kwa kawaida huandika kadi ya kumbukumbu ya gemu kwenye diski ya kompyuta pale tu unapofunga gemu. Umeme ukikatika kabla ya hapo na betri ikiwa imechoka, au ukiwa na kompyuta ya mezani, kazi ya jioni nzima inapotea ingawa gemu ilikwambia imehifadhi. Nenda "Settings", kisha "Saving", utafute "SaveRAM Autosave Interval" uiweke sekunde 10. Folda ya "saves" ya RetroArch uinakili kwenye flashi kila unapomaliza gemu ndefu. Mafaili yake ya .srm ni madogo sana, na ukibadilisha kompyuta utayarudisha kwenye folda ile ile na kuendelea ulipoishia, mradi jina la .srm lifanane na jina la faili la gemu.