Ukienda Engaruka, anza na maji

Wageni ninaowapeleka Engaruka, kwenye magofu ya mawe ya wakulima wa kale kaskazini mwa Tanzania, wengi hushuka garini, hutazama mawe dakika kumi, kisha huniuliza, "Ndiyo haya tu?" Ni haya, ila wameanzia pasipofaa.

Ukitoka Mto wa Mbu, shika njia ya kaskazini iendayo Ziwa Natron, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa kushoto kwako. Jaza mafuta kabisa na uondoke alfajiri. Wakati wa masika uliza kwanza hali ya makorongo. Magofu yako upande wa Engaruka Juu. Pita ofisi ya kijiji, lipa ushuru, dai risiti, uombe mwenyeji wa kukutembeza. Wazee waamkie shikamoo. Watoto wa Kimaasai wakikuinamishia vichwa, waguse utosini. Hiyo ndiyo salamu yao, nawe usiipite kwa haraka ya kupiga picha.

Sasa usikimbilie mawe. Nenda kwanza mtoni, pale Mto Engaruka unapotoka korongoni. Ndio unaomwagilia mahindi na maharage ya kijiji mpaka leo. Kutoka hapo tafuta mstari wa mawe unaokata mteremko kwa ulalo mdogo sana. Huo ni mfereji wa kale: ulichepushwa juu ili maji yajipeleke yenyewe mashambani. Ufuate taratibu. Mkono wa juu utaona vikuta vilivyoshikilia viwanja vya nyumba, vimepangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wa kushikiza. Chini kuna vijaluba vya mashamba, vilivyoenea karibu hekta 2,000. Yale marundo yanayowachosha wageni mengi ni mawe yaliyotolewa shambani ili mtama upate nafasi. Ukilijua hilo, hesabu mwenyewe ni migongo mingapi iliinama hapa.

Watu waliishi hapa tangu karne ya 15 hivi hadi ya 18. Kwa nini walihama? Wataalamu wengi hutaja kupungua kwa maji, na ukivuka makorongo makavu yaliyokuwa yakilisha mifereji mingine, utaona kwa nini. Kuhusu wajenzi, wapo wanaowataja Wairaqw, wapo wanaowataja Wasonjo, ambao bado wanalima kwa mifereji. Mwulize mwenyeji wako, lakini usimlazimishe akuchagulie mmoja.

Usikanyage kuta wala kuzikalia; jiwe moja likiteleza, mengine hufuata. Saa tano uwe umeshateremka, kwani kivuli huko ni cha migunga, na migunga ina miiba.