Jinsi ya kuchimbua msimamo wa mgombea kuhusu elimu kwenye kumbukumbu za umma

Mgombea akisema jukwaani kwamba elimu ndiyo kipaumbele chake, bado hajasema kitu. Hapa Dar es Salaam, kuanzia Bunju hadi Mbagala, kila mmoja anasema hivyohivyo. Msimamo unaonekana pale alipodai jambo mahususi mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumkatalia, na maneno yake yakaandikwa.

Hatua ya 1: chagua jambo, kisha tafuta tarehe yake

Usianze na neno "elimu", litakuletea maelfu ya kurasa. Chukua jambo moja au mawili: ada, makato ya mkopo wa chuo, wasichana waliopata ujauzito kurudi shule, walimu wa sayansi, lugha ya kufundishia. Halafu andika Serikali ilibadili msimamo lini. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016; ya kidato cha tano na sita ikaondolewa kwa bajeti ya 2022/2023. Makato ya mkopo wa elimu ya juu yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 mwaka 2016. Ruhusa ya wanafunzi waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shule ilitangazwa Novemba 2021.

Tarehe hizi ndizo mizani yako. Aliyedai mwaka 2020 kwamba wasichana hao warudi darasani alikuwa anakwenda kinyume na msimamo wa Serikali wa wakati ule. Aliyeyasema hayohayo mwaka 2022 huenda alikuwa anaitikia tu. Maneno ni yaleyale, uzito haulingani.

Hatua ya 2: Hansard

Kama mgombea amewahi kuwa mbunge, Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge (ndizo Hansard) ziko kwenye tovuti ya Bunge, zimepangwa kwa Mkutano (wiki kadhaa za Bunge) na Kikao (siku moja ndani yake). Anza na Mkutano wa bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika Juni.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanafungua mjadala wa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia (Fungu 46, yaani namba yake kwenye bajeti), hawamwoni mtu wao, wanaandika kwamba hajawahi kuzungumzia elimu. Lakini uendeshaji wa shule za msingi na sekondari za Serikali uko chini ya TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (Fungu 56). Madarasa, madawati, matundu ya vyoo na upungufu wa walimu vinazungumzwa sana huko. Soma mijadala yote miwili ya kila mwaka. Ukisoma mmoja tu, umesoma nusu.

Ukitafuta jina ndani ya faili, andika jina la ukoo peke yake. Wenye majina ya "Ng'" wanasumbua, kwa sababu alama ile huchapwa kwa namna mbili na kompyuta inaziona kama herufi tofauti. Tafuta kipande cha jina kinachofuata baada yake. Na usiishie pale mazungumzo yanapokwisha. Wapo wabunge wanaochangia kwa maandishi. Michango hiyo haisikiki redioni wala kwenye televisheni, ila inachapwa kwenye Hansard.

Ukiupata mchango, ruka pongezi za mwanzo na "naunga mkono hoja" ya mwisho. Karibu kila mchango unavyo, havikuambii lolote. Soma katikati: ametaja shule gani, kiasi gani cha fedha, anamtaka Waziri afanye nini? Kisha nenda Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima linapokaa kupitisha fedha za wizara fungu kwa fungu, pale mbunge anapotishia kushika shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka apate maelezo. Angalia alishika shilingi kwa jambo gani, na aliiachia baada ya kujibiwa nini. Kwangu mimi, ukurasa mmoja wa Kamati ya Matumizi unazidi hotuba kumi za kampeni.

Hatua ya 3: halmashauri

Kwa aliyekuwa diwani, kumbukumbu ziko kwenye halmashauri yake: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni. Omba muhtasari wa Baraza la Madiwani. Usiandike "naomba taarifa za elimu". Andika "muhtasari wa Baraza, robo ya pili, mwaka wa fedha 2023/2024, sehemu ya elimu". Barua iende kwa Mkurugenzi, ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016, inayotaka ujibiwe ndani ya siku 30. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huna pa kuanzia kuhesabu.

Kwa mbunge, hapohapo omba orodha ya miradi ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, kwa hiyo orodha hiyo inaonyesha mkono wake ulielekeza fedha wapi.

Hatua ya 4: daftari

Safu sita zinatosha: tarehe, Mkutano na Kikao, ukurasa, maneno yenyewe bila kufupisha, jibu alilopewa, na kama alilirudia jambo hilo baadaye. Safu ya mwisho ndiyo inayochosha kujaza, na ndiyo yenye thamani kubwa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Tandika:* Shikamoo mwalimu. Naweza kupata mgombea wangu alivyopiga kura kwenye muswada wa mikopo wa 2016?

Marahaba. Kwa kawaida huwezi. Miswada mingi hupitishwa kwa sauti, na Hansard huandika tu kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Bajeti kuu ya Juni ndiyo hupigiwa kura kwa kuitwa majina, lakini hiyo ni bajeti nzima. Usimhukumu mtu kwa elimu kupitia kura hiyo. Tumia mchango wake kwenye mjadala wa muswada.

*Mwanachama, Kimara:* Mgombea wangu alikuwa Naibu Waziri. Majibu yake ndiyo msimamo wake?

Hapana dada, hayo ni majibu ya Serikali. Rudi kwenye miaka aliyokuwa mbunge wa kawaida, kisha linganisha.

*Mwanachama, Kigamboni:* Ilani ya chama haitoshi?

Ilani inakuambia chama. Wagombea wawili wa ilani moja wanaweza kutofautiana kabisa kuhusu lugha ya kufundishia.

*Mwanachama, Sinza:* Na mgombea mpya, ambaye hana Hansard wala udiwani?

Kaka, huyo mtengenezee kumbukumbu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inaweka elimu ya lazima ya miaka 10, na elimu ya msingi inashuka kutoka miaka 7 hadi 6. Maana yake kuna mwaka ambao darasa la sita na la saba watamaliza pamoja na kutaka kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Muulize mkutanoni: katika kata yetu watakaa wapi, na kiwanja kiko wapi? Rekodi jibu lote pamoja na swali, taja tarehe na mahali kwa sauti mwanzoni mwa rekodi, na usikate katikati. Kipande kilichokatwa atakikana kwa urahisi.